Marekani haikuomoka kwa kujituma tu, na risiti tunayo

Kuna mahubiri fulani huwezi kuyakwepa ukiwa kwenye simu. Jamaa amevaa suti, nyuma yake kuna picha ya majumba marefu, na anakwambia hivi: Marekani ilikuwa nchi changa ya wakulima, ikatangaza uhuru 1776, serikali ikakaa kando, watu wakaamka mapema wakapiga kazi, na sasa cheki walipo. Halafu anakugeukia wewe: mbona umelala?

Mimi sina shida na kuamka mapema. Shida yangu ni hiyo stori. Ni nusu ya stori, na nusu iliyofichwa ndiyo kubwa. Na ina madhara, kwa sababu wengi wetu tunaitumia kupima nchi yetu, na hata kujipima wenyewe, halafu tunajiona wavivu. Kwa hivyo leo tuiangalie hiyo Marekani changa, tuseme kutoka 1789 hadi karibu 1840. Na tutaifuata kwa kitu ambacho watu wa huku kwetu walikishika kwa mikono yao: kitambaa.

Tafuta neno "merikani" kwenye kamusi ya Kiswahili. Ni kitambaa cha pamba, kigumu kidogo, ambacho hakijapaushwa. Jina lake ni jina la nchi kilikotoka. Karne ya 19 kilitoka Massachusetts kwa meli, kikashuka Zanzibar, kikaingia bara na misafara. Huko ndani kilikuwa pesa kabisa. Kilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Mpagazi alilipwa kwa kitambaa. Mtawala ambaye msafara ulipita kwake alidai hongo yake kwa kitambaa, na hongo wakati huo ilikuwa ada ya njia, si hii tunayoijua.

Sasa swali ni rahisi. Ili doti moja ya merikani ifike huku ikiwa bei poa kuliko vitambaa vingine, nani alilipa gharama? Ukivuta huo uzi polepole, hiyo stori ya serikali iliyokaa kando inafumuka yote.

Tuanze na serikali yenyewe. George Washington aliapishwa Aprili 1789. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, akiwa hajamaliza hata miezi mitatu ofisini, alitia saini sheria ya ushuru wa bidhaa kutoka nje. Ilikuwa moja ya sheria za kwanza kabisa za nchi hiyo. Mwaka 1791 waziri wake wa fedha, Alexander Hamilton, akapeleka bungeni ripoti kuhusu viwanda. Hoja yake kwa kifupi: viwanda vyetu ni vichanga, vya Uingereza vimekomaa, tusipovilinda na kuvisaidia havitasimama. Huyo ndiye yule msee wa kwenye noti ya dola 10. Bunge halikukubali kila kitu alichotaka, lakini wazo halikufa.

Na teknolojia je? Walibuni wenyewe? Nyingine ndiyo, ila ile ya kusokota na kufuma pamba waliichukua kwa Uingereza, na Uingereza haikuwa imewapa. Sheria za Uingereza zilikataza mashine hizo kutolewa nje na mafundi wake kuhama. Samuel Slater, kijana aliyefunzwa kazi kiwandani huko, alizihifadhi kichwani, akavuka bahari 1789, na kufikia mwisho wa 1790 mashine zilikuwa zinasokota nyuzi Pawtucket, Rhode Island. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto. Miaka 20 baadaye, mfanyabiashara tajiri wa Boston aitwaye Francis Cabot Lowell akaenda Uingereza, akatembea viwandani akiangalia mashine za kufuma, akarudi na ramani yote kichwani. Leo mtu wa huku akifanya hivyo anaitwa mwizi wa ubunifu. Yeye alipewa mji kwa jina lake.

Halafu vita vikaingia. Mwishoni mwa 1807 Rais Thomas Jefferson alifunga bandari: meli za Marekani zisiende kufanya biashara nje. Alikuwa anajaribu kuzibana Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zikipigana na kusumbua meli zake. Juni 1812 Marekani ikatangaza vita dhidi ya Uingereza, na Agosti 1814 Waingereza wakachoma ikulu na jengo la bunge pale Washington. Kwa wenye meli ilikuwa hasara tupu. Lakini kwa wenye viwanda ilikuwa bahati, maana nguo za Uingereza ziliadimika sokoni. Ni katikati ya vita hivyo, 1813, ndipo Lowell na wenzake walianzisha kampuni yao pale Waltham, karibu na Boston. Kiwanda chao kilisokota na kufuma chini ya paa moja.

Vita vikaisha, bandari zikafunguka, nguo za nje zikarudi kwa wingi. Soko huria lingefanya kazi yake hapo, viwanda vingi vya Marekani vingefunga. Lowell hakungoja. Alienda Washington kusukuma wabunge, na sheria ya ushuru ya 1816 ikapita ikiwa na ujanja mmoja mtamu sana. Ushuru wa nguo za pamba ulikuwa asilimia 25, lakini kitambaa chochote cha bei ya chini ya senti 25 kwa yadi kilihesabiwa kana kwamba ni cha senti 25. Piga hesabu. Kitambaa cha senti 10 kilitozwa senti 6 na robo, yaani zaidi ya asilimia 60 ya bei yake. Nani alikuwa akiuza vitambaa vya bei ya chini hivyo? India. Na kiwanda cha Lowell kilifuma nini? Vitambaa vizito vya bei ya chini, ndugu zake merikani. Kwa maneno mengine, sheria ilikatwa kwa vipimo vya mwili wake.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya risiti. Sehemu ya pili ni ardhi.

Kiwanda hakili hewa, kinakula pamba. Eli Whitney alikuwa ameunda mashine ya kuchambua pamba miaka ya 1790, na ghafla pamba ikawa biashara ya hela nyingi. Ardhi nzuri ya pamba ilikuwa kusini, lakini ilikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya Alabama ya leo ilikuwa nchi ya watu wa Muscogee, ambao Wamarekani waliwaita Creek. Wakati wa vita hivyo vya 1812 Wamuscogee waligawanyika, kundi moja likapigana na Wamarekani, jingine likakaa upande wao. Machi 27, 1814, kwenye kona ya mto Tallapoosa, jeshi la Andrew Jackson liliua wapiganaji zaidi ya 800 wa lile kundi la upinzani. Na Jackson hakuwa peke yake. Wapiganaji wa Kicherokee walikuwa upande wake. Wao ndio waliogelea kuvuka mto, wakachukua mitumbwi ya adui na kumvamia kutoka nyuma.

Agosti mwaka huo Jackson aliwaketisha viongozi wa Muscogee na kuwatia mkataba mkononi. Walipoteza ekari kama milioni 23. Na hapa ndipo utajua ni mtu wa aina gani: ardhi hiyo haikuwa ya maadui zake pekee. Waliokuwa wamepigana upande wake pia walinyang'anywa. Kufikia 1819 Alabama ilikuwa jimbo la Marekani, na walowezi walikuwa wanamiminika na pamba yao.

Sasa turudi kwa Wacherokee, wale washirika walioogelea. Hawa walifanya kila kitu ambacho watu huambiwa wafanye ili waheshimiwe. Sequoyah aliwaundia maandishi ya lugha yao. Waliandika katiba 1827. Mwaka 1828 wakaanza gazeti lao, Cherokee Phoenix, kwa Kicherokee na Kiingereza. Walikuwa na mashamba, shule, mahakama, na wachache wao matajiri walimiliki hata watumwa. Jackson, sasa akiwa rais, alisukuma sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji kuvuka mto Mississippi. Bunge la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 102 dhidi ya 97. Wacherokee wakaenda kortini, na 1832 Mahakama ya Juu ikasema wazi kuwa sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu ndani ya nchi yao. Hukumu ikabaki karatasi. Kikundi kidogo kisicho na mamlaka kikasaini mkataba wa kuuza nchi, na 1838 askari wakaja nyumba kwa nyumba. Watu kama 16,000 walilazimishwa kuhama, na inakadiriwa 4,000 walikufa.

Ukiambiwa kwamba ukisoma, ukiwa na adabu, ukifuata sheria, mfumo utakulinda, kumbuka Wacherokee. Walifuata, wakashinda hadi kesi, na bado wakafukuzwa.

Sehemu ya tatu ya risiti ndiyo ndefu zaidi. Nani alilima hiyo pamba? Hesabu ya watu ya 1790 ilipata watumwa karibu 700,000 Marekani. Ile ya 1860 ilipata karibu milioni 4. Na kumbuka uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku 1808, kwa hivyo hao wengi walizaliwa utumwani huko huko. Karibu watu milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kwenda kwa mashamba mapya ya pamba kusini. Wengi waliuzwa, wengine wakaenda na wenye kuwamiliki, na familia zikachanwa bila huruma. Kuanzia miaka ya 1830 pamba peke yake ilileta zaidi ya nusu ya pesa za bidhaa zote Marekani ilizouza nje. Hizo ndizo kazi za kuamka mapema ambazo yule wa suti hazitaji. Waliamka mapema kuliko sisi sote, na hawakulipwa chochote.

Sehemu ya nne iko kaskazini, ndani ya viwanda. Mji wa Lowell ulijaa wasichana kutoka mashambani, wengi wao umri wa wengi mnaosoma hapa, wakifanya kazi kama saa 12 au 13 kwa siku na kulala kwenye mabweni ya kampuni. Kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza kushika pesa zao wenyewe, na hilo siwezi kulibeza. Lakini mishahara ilipokatwa 1834 waligoma, na bei ya mabweni ilipopandishwa 1836 wakagoma tena. Na baadhi ya nguo nzito walizofuma zilirudi kusini kuvalishwa wale wale waliolima pamba. Watumwa waliiita nguo hiyo "lowell", kwa jina la mji. Yaani sisi tuliita merikani, wao wakaita lowell. Watu wa mabara mawili, wasiojuana, walivaa mnyororo mmoja wa biashara na kila upande ukaupa jina la ulikotoka.

Sasa ifike Pwani yetu. Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Bidhaa za Wamarekani zingelipa ushuru wa asilimia 5 tu. Isome tena hiyo. Nyumbani kwao, nguo ya Mhindi inagongwa ushuru mzito ili kiwanda cha Massachusetts kipone. Huku kwetu, nguo ya kiwanda hicho hicho inapita kwa asilimia 5. Sayyid Said hakuwa mjinga, alitaka biashara na marafiki wa kumpa nguvu, na alifaidika. Lakini sheria ya mchezo ilikuwa hiyo: funga mlango wako, omba mwenzako aache wake wazi.

Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akatua Zanzibar, Richard Waters wa mji wa Salem. Kwenye shajara yake aliandika jinsi utumwa ulivyomhuzunisha. Wakati huo huo kazi yake ilikuwa kuuza merikani na kununua pembe za ndovu na sandarusi, biashara iliyogusa utumwa pande zote mbili za bahari. Simtaji ili tumcheke. Namtaja kwa sababu anafanana na sisi tunaovaa kitu bila kuuliza kilishonwaje.

Najua kuna watakaosema: bana, hayo ni mambo ya kale, usiwahukumu watu wa jana kwa macho ya leo. Sawa, tuwahukumu kwa macho ya jana. Seneta Theodore Frelinghuysen alisimama 1830 akapinga sheria ya kuwahamisha wenyeji kwa siku tatu, saa kama sita za hotuba. Wanawake wa kaskazini walikusanya sahihi kuipinga. Bunge liligawanyika kwa kura tano. Wacherokee wenyewe waliandika, wakalalamika, wakashtaki. Watumwa walitoroka na kuasi. Macho ya jana yaliona vizuri tu. Waliokuwa na nguvu waliamua kuendelea.

Wengine watasema: basi dawa ni sisi pia tuweke ushuru mkubwa, tuibe teknolojia, tujenge viwanda. Hapo twende polepole. Somo moja ni la kweli: hakuna kiwanda cha Marekani changa kilichosimama peke yake, serikali ilikuwa pale ikishika mkono. Anayekuambia nchi maskini iache kila kitu wazi ili itajirike anakupa ushauri ambao babu zake waliukataa. Aprili 2025 Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zetu, watu wengi walilia kuwa imeacha mila zake. Kumbe ilikuwa inarudi kwa mila yake ya 1789.

Lakini ushuru peke yake hauelezi utajiri ule. Hata kwao uliwaumiza wengine, na miaka ya 1832 na 1833 jimbo la South Carolina lilikaribia kupigana na serikali kuu juu yake. Chini ya ushuru kulikuwa na ardhi ya watu wengine na jasho la bure la watu wengine. Tukinakili kiwanda bila kuuliza hilo, najua nani atalipa. Atakuwa mfugaji anayeambiwa ardhi yake haitumiki vizuri. Atakuwa dada anayeshona nguo za kuuzwa nje na kuambiwa ashukuru ana kazi. Kiongozi akisema "maendeleo lazima yagharimu", muulize papo hapo: yamgharimu nani, na yeye amekubali?

Na kwako wewe uliyekaa kwa keja ukijiona umefeli kwa sababu uko 23 na bado huna kitu: kujituma ni muhimu, endelea. Ila usijipime na stori ambayo nusu yake imefutwa. Waliokupa mfano huo walikuwa na bunge, jeshi, ekari milioni 23 na mamilioni ya watu wasiolipwa nyuma yao. Wewe una bando ya shilingi 20 na simu imepasuka kioo. Si mbio moja hizo.

Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, pamba ilikwama na merikani ikaadimika Zanzibar. Vitambaa kutoka Uingereza na India vikajaza pengo. Jina halikuondoka. Kama una nyanya au babu, hasa Pwani, mwulize kama analijua hilo neno na lilikuwa kitambaa cha kazi gani. Andika anachokuambia. Kamusi inatupa maana tu, wao wanaweza kukuambia kilivyokuwa mwilini.